Mhojiwa wa Saba

Mama mkubwa ana msemo wake, na pale sokoni Tunduma hakuna asiyeujua. Umwambie apumzike, umwambie aongeze ndoo ya tatu, umwambie asimame kidogo akusubiri, jibu ni lilelile: "Mgongo huu hauna spea." Anausema kwa lafudhi ya Kinyiha, neno la mwisho analivuta weee mpaka analiachia mwenyewe, na wenzake wanacheka hata kama wameusikia asubuhi hiyohiyo. Mji wetu ni mji wa malori. Spea tunazijua.

Naanza na msemo huo kwa sababu ndio ulioniumbua, mimi na usomi wangu wote.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaanza shule, kule kwetu Mbozi kwenye mashamba ya kahawa. Dada yake mkubwa akaja na kitenge kimoja cha ziada, akanifunga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, akanileta Tunduma. Nikiwa naye simwiti mama mkubwa, namwita mama. Kazi yake ni ndoo. Anavusha mchele kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, anarudi na vitenge. Kwa ndoo hizo nimevaa sare, nimekula, nimefika chuo, nimekuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari huko Vwawa. Sina mtu mwingine wa kumshukuru, na nisidanganye, kwa miaka mingi sikuwahi hata kumshukuru huyo.

Sasa niseme kuhusu njia yake, maana habari yote iko hapo. Watu wa mbali wakisikia mpaka wanafikiria mto, au mlima, au uzio wenye taa. Kwetu mpaka ni barabara, kisha kichochoro, kisha ghafla ni ua wa mtu. Kuna bibi mmoja ana nyumba yenye mapera uani. Mlango wa mbele unatazama kwetu. Jiko linatazama Zambia. Wanawake wachache wa sokoni wanapita hapo na ndoo zao, na mama ni mmoja wao, lakini huwezi kupita tu kama ng'ombe. Unatua mzigo. Unachuchumaa. Unapiga makofi taratibu, viganja vimeinama kidogo, unamuuliza bibi habari za goti lake, za wajukuu, za mvua. Anakujibu kituo kwa kituo. Anakupa maji. Ukishakunywa unajitwika, unatokea jikoni, unakutana na mtu anakusalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," basi umefika. Asiyesalimia anarudishwa alikotoka, na bibi hana msamaha katika hilo.

Kwa hiyo mama hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba anafanya magendo. "Mimi sipitishi mzigo," alikuwa akiniambia. "Mimi nakwenda kumsalimia bibi. Sasa kama nina mzigo, nitauacha wapi?"

Nilipojiunga na masomo ya uzamili ya sera za umma na masuala ya kimataifa, vipindi vyetu vilikuwa Mbeya mwisho wa wiki. Ijumaa nikishasahihisha madaftari nasafiri, Jumapili jioni narudi. Darasani nilikuwa mwalimu wa sekondari peke yangu. Wengine walikuwa watu wa maofisi, wa miradi, wenye kompyuta nyembamba na maneno manene. Jumamosi ya kwanza kaka mmoja alisimama mbele na picha ya ramani akatueleza juu ya mipaka inayovuja. Akaonyesha kidoti, kidoti chenyewe ndiyo Tunduma yetu. Akasema watu wa pale hawana uelewa wa taratibu.

Jamani, mimi nina hasira za karibu. Mkono uliinuka kabla sijauruhusu. "Kaka," nikamwambia, "wewe hapo hujawahi hata kula ugali wa Tunduma. Mama yangu anavuka huo mpaka kabla wewe hujaamka, na anauelewa kuliko hiyo ramani yako."

Darasa likacheka. Yule kaka naye akacheka, muungwana kweli. Lakini mwalimu wetu, mzee mmoja mpole ambaye baadaye ndiye aliyekuja kunisimamia, hakucheka. Akavua miwani, akaniambia, "Basi umeshapata utafiti wako. Nenda kamuulize mama yako anauelewaje." Nikaketi huku nikijiona nimepata. Kumbe nilikuwa nimejifunga kitanzi mwenyewe.

Mzee huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: pembeni ya kila aya uliyoandika alikuwa anaandika "Kwa hiyo?" Ukiandika kwamba pale mpakani kuna dirisha la wafanyabiashara wadogo, anauliza, Kwa hiyo? Ukiandika kwamba fomu yake ni ukurasa mmoja, imeandikwa kwa Kiswahili, haihitaji wakala wala mtu wa kati, Kwa hiyo? Swali likabaki moja tu, na ndilo likawa swali la tasnifu yangu nzima: ikiwa dirisha lipo na fomu ni rahisi hivyo, kwa nini mwanamke mwenye ndoo mbili za mchele anapita kwa bibi wa mapera?

Nikawahoji wanawake ishirini. Vitabu vya mbinu za utafiti vinakuambia mketi ana kwa ana, mahali patulivu. Ukimketisha mwanamke wa Tunduma ana kwa ana mahali patulivu anadhani unataka kumposea mwanao. Nikaacha vitabu, nikaenda na njia ya nyumbani: unafika mtu akiwa na kazi, unavuta kigoda, unaingiza mkono kwenye ungo, mnabangua karanga pamoja. Mikono ikishughulika mdomo unafunguka. Nilibangua karanga mpaka vidole vikanitoka malengelenge, lakini niliambiwa mambo ambayo hakuna dodoso lingeyapata.

Mama alikuwa wa saba. Nilimsomea fomu ya ridhaa kama nilivyowasomea wote: jina lako halitaandikwa, nitatumia namba, una haki ya kukataa.

"Namba gani?"

"Saba."

"Saba naipenda," akasema. "Na hakuna atakayejua ni mimi?"

"Hakuna, mama. Ni sheria ya chuo."

"Basi bangua, nikwambie yote."

Nikampa kalamu asaini. Akatazama mikono yake, eti ina vumbi la karanga, ataniharibia karatasi yangu ya chuo, akaomba aweke dole gumba. Nikacheka, nikamletea wino. Nilipouliza kiwango cha elimu akasema, "La saba, kama watu wote. Andika." Nikaandika.

Mtu akinisoma hapa atasema, we mwalimu, hukuona? Sikuona. Tangu niko mdogo, nikileta ripoti ya shule, mama alikuwa anavaa miwani yake, anaishika karatasi kwa mikono miwili, anaitazama muda mrefu, anasema, "Haya, nitaisoma vizuri kesho, leo macho yamechoka." Kesho yake jioni anajua kila kitu. Anajua nimeanguka hesabu, anajua mwalimu wa darasa ameandika napiga domo. Nilikuwa namwogopa kwa hilo. Nilidhani ana macho ya ajabu ambayo yanahitaji usiku mmoja wa kupumzika.

Alichonieleza siku ile kwenye ungo wa karanga ndicho kilichonipa nukuu nzuri kuliko zote. Nikaiweka katikati ya sura ya nne. Nilibadilisha mapera, nikaandika tu "nyumba fulani", nikajipongeza kwa kulinda siri za watu. Chini yake nikaeleza kwa Kiingereza kirefu kwamba wanawake hawa wanaliepuka dirisha kwa sababu ya hofu, kwamba wanaiogopa dola na karatasi zake. Vitabu vilikuwa vimesema ni hofu. Nami nikasema ni hofu. Safari hii msimamizi wangu hakuandika "Kwa hiyo?" Aliandika "Vizuri sana," na nililia kwa furaha ndani ya chumba cha walimu.

Kabla ya kukabidhi kazi akanishauri kitu cha busara. Rudisha matokeo kwa waliokupa, akasema, wasikie umewaandika vipi. Nikaomba ukumbi wa kanisa Tunduma, Jumamosi moja baada ya saa sita. Wanawake wangu wote ishirini niliwaalika.

Na hapa ndipo nilipokosea kosa la kwetu. Mtu wa kutoka mbali angekuja akaketi na wanawake wale, wakaongea, basi. Lakini mimi ni mtoto wa hapa, nimelelewa kwa itifaki. Utaitishaje mkutano bila mwenyekiti wa mtaa? Ukimwita mwenyekiti, mtendaji naye atasemaje? Na ukiwaita hao wawili, mezani panabaki kiti kimoja kinachokukodolea macho, nikamwalika ofisa wa biashara. Nikatandika kitambaa cheupe meza kuu. Nikapanga soda na maji na maua ya plastiki. Watu ambao njia ile haikupaswa kufika masikioni mwao, niliwaandikia barua za mwaliko kwa mkono wangu mwenyewe na nikawawekea viti vya mbele!

Mama alikuja na kitenge chake kipya, kile cha Pasaka. Akaketi mstari wa tatu, akiwaambia majirani, "Huyo ni mwanangu," kama vile kuna aliyekuwa hajui.

Nikasoma. Utangulizi wakapiga miayo kwa adabu. Njia za utafiti, mtoto mmoja akaanza kulia akatolewa nje. Nilipoona nawapoteza nikaruka kurasa, nikaenda moja kwa moja kwenye nukuu, maana nilijua hiyo itawaamsha. "Mhojiwa wa saba alisema," nikatangaza, nikashika kipaza sauti vizuri. Halafu, Mungu anisamehe, nikaisoma kwa sauti yake. Sikukusudia. Ni sauti niliyokulia nayo, nimeiiga tangu utotoni kuwachekesha wenzangu, na yale maneno hayawezi kusomeka kwa sauti nyingine.

"Nikienda dirishani nitasimama mpaka magoti yalie. Mgongo huu hauna spea. Mimi naingia nyumba fulani mlango wa mbele nikiwa Tanzania, natokea jikoni nikiwa Zambia, na nimeshakunywa maji."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka wakapigana mabega. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Huyo si mwenyewe!" na vichwa vyote, vyote, vikageuka mstari wa tatu.

Nami nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kisha nikamwona mama. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Kicheko kikafa kidogo kidogo kuanzia mbele kwenda nyuma, maana watu walianza kukumbuka nani ameketi meza kuu.

Ofisa wa biashara hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo, kwa sababu rahisi ningemfanya mbaya hapa. Alikuwa mwanaume wa makamo, mtaratibu, aliyekuja Jumamosi yake kwa heshima ya barua yangu. Aliweka chupa ya soda chini akauliza, "Hiyo nyumba ya kutokea jikoni iko mtaa gani?"

Nikajikohoza. "Mheshimiwa, maadili ya utafiti hayaniruhusu…"

"Sikuulizi wewe, mwalimu. Nauliza ukumbi."

Wanawake wakainamia mikoba yao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sura ya nne yangu. Yule bibi wa mapera alikuwa na goti bovu na hakuja, lakini wajukuu zake wawili walikuwa pale mlangoni, na niliwaona wanatazamana.

Mama akasimama. Aliweka mkoba kwenye kiti kwanza.

"Mheshimiwa, nyumba iache. Ile ni nyumba ya salamu. Ukitaka kuuliza, niulize mimi kwa nini siji kwenye dirisha lako."

"Haya mama. Kwa nini?"

"Sijui kusoma."

Alisema vilevile, kavu, kama mtu anayesema hana chenji.

"Namba nazijua. Pesa naijua, saa naijua. Herufi hapana. Niliacha shule la pili, mdogo wangu alizaliwa dhaifu, mama akaniambia nimbebe. Nikambeba. Huyo mdogo wangu ndiye mama yake huyu anayewasomea hapo. Naye alipobaki yatima nikambeba vilevile. Fomu yenu nimepewa. Ni nzuri, watu wanasema ni nzuri. Mimi nikiitazama naona visanduku. Nikija dirishani mtoto aliye ndani, sawa na huyu wangu, ataniambia jaza hapa, na nyuma yangu pana watu. Nimwambie nini?" Akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza. "Na huyu msimlaumu. Aliniuliza nimefika la ngapi, nikamdanganya. Nilimwambia la saba. Angekuwa mtu baki ningesema kweli, lakini ni mwanangu, nimemsomesha. Ningeanzaje?"

Akaketi. Akachukua mkoba akaurudisha mapajani.

Nilijua wakati ule ule anafanya nini. Ofisa alikuwa ameuliza habari ya nyumba, na mama akamtupia kitu kikubwa zaidi ili aiache. Siri aliyoificha maisha yake yote, aliyowaficha wenzake wa sokoni, aliyonificha mimi nyumbani mwake miaka yote ile, aliitoa pale mbele ya soda na maua ya plastiki kumkinga bibi mmoja wa mapera na kunikinga mimi. Mimi niliyekuwa nimeshika kipaza sauti.

Yule ofisa alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. Kisha akasema, "Asante mama. Tumekusikia," na habari ya nyumba hakuiuliza tena, siku ile wala baadaye.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wajukuu wa bibi waliogopa wenyewe. Jumatatu yake wakapigilia mabati mapya kutoka ukuta hadi ukuta, ng'aa ng'aa, mapera yakabaki upande wa pili. Njia ikafa. Hakuna askari aliyekuja, hakuna barua iliyoandikwa. Niliiua mimi kwa kusoma kwa sauti nzuri.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, hata angenichapa, umri wangu huu. Nilipomchuchumalia siku iliyofuata, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Mwalimu! Tangu nizaliwe ameniita mwanangu, ameniita kichwa maji, ameniita wewe mtoto. Hajawahi kuniita mwalimu. Akanikaribisha kiti, akanipa chai kwenye kikombe cha wageni, akaniuliza habari za Vwawa kama mtu anayemuuliza mtu wa sensa. Wiki tatu ilikuwa hivyo. Sokoni nako alikuwa na ndoo zake zimefunikwa, anauza palepale kidogokidogo, kwa vikombe. Wenzake waliokuwa na watoto wa kuwajazia fomu walishaanza kwenda dirishani. Yeye hakumwomba mtu.

Nilirudi kwenye tasnifu yangu nikafuta. Nilifuta nukuu, nikafuta lafudhi, nikafuta mhojiwa wa saba mzima, nikabaki na kumi na tisa. Nikamtumia msimamizi. Ikarudi na maandishi mawili. Pale nilipoandika hofu, sasa aliandika, "Kwa hiyo?" Na pale palipokuwa na nukuu akaandika, "Yuko wapi wa saba?"

Nikaenda na karatasi hiyo hadi Tunduma. Mama alikuwa uani, ungo mapajani, karanga. Sikusubiri kiti. Nikakaa chini, nikaingiza mkono kwenye ungo, nikamwambia yote bila kumtazama: kwamba nimemfuta, kwamba mzee wa chuo anamuulizia, kwamba ninaona aibu, kwamba najua sasa ripoti zangu zilikuwa zinakwenda kusomewa wapi.

"Kwa mke wa mzee wa kanisa," akasema. "Asubuhi, nikipita na ndoo. Alikuwa ananisomea mara mbili nishike kichwani." Akabangua. "Ulikuwa unaanguka hesabu sana."

"Nisamehe, mama."

Akapepeta maganda kidogo. "Ukinifuta, kule chuo watajua nilisema nini?"

"Hawatajua chochote. Itakuwa kama hukuwepo."

"Yaani nilisimama bure?"

Nikaendelea kubangua.

"Wewe nawe! Umesoma mpaka umepitiliza. Nimeaibika mbele ya mwenyekiti na mtendaji, kitenge kipya, halafu unanifuta? Toa hiyo kalamu." Akasogeza ungo katikati yetu. "Uliandika nini kwanza? Kwamba kwa nini siendi?"

"Niliandika hofu. Kwamba mnaiogopa serikali."

"Nani kakwambia naogopa?" Alikasirika kweli sasa, na moyo wangu ukafurahi, maana hasira hiyo naijua, ni ya nyumbani. "Mimi niogope dirisha? Nimepita katikati ya malori na wewe mgongoni! Siogopi. Naona aibu. Andika aibu. Aibu na hofu ni vitu viwili, mwanangu, hata mtoto anajua. Mwenye hofu anakimbia. Mwenye aibu anakuja mpaka karibu, anazunguka."

Aliposema mwanangu nilishindwa kuandika kwa dakika nzima. Alisubiri. Alikuwa na karanga.

Nikawarudia wanawake wote, ungo kwa ungo, safari hii nikiuliza lile moja, la kusoma, ambalo nilikuwa nimelijaza kwa kalamu bila kufikiri. Si wote waliokuwa kama mama, lakini hakuwa peke yake. Sura ya nne ikaandikwa upya. Tarehe ya kukabidhi ikanipita, mahafali ya wenzangu nikayaona kwenye simu, yule kaka wa ramani akiwa amevaa joho, amenitumia na ujumbe wa pole. Nikamjibu nitakuja mwakani. Ofisa wa biashara, kwa upande wake, alituruhusu kuweka meza karibu na dirisha, Jumamosi, ya kuwasomea watu fomu. Kiti hakikuwa kwenye ruhusa, nilileta cha nyumbani. Mama alikuja Jumamosi ya nne. Alipanga foleni kama wengine, hakutaka kupitishwa mbele. Alipofika akatua ndoo zote mbili, akachuchumaa mbele ya meza yangu, hapohapo mpakani, akapiga makofi taratibu kama anavyompigia bibi, akaniuliza habari za goti langu. Foleni yote ilicheka na mimi nikajibu kituo kwa kituo, goti, watoto, mvua, ndipo nikamsomea fomu.

Mwaka uliofuata nilipata kitabu changu, jalada gumu, bluu, maandishi ya dhahabu. Nakala ya kwanza nilimpelekea yeye. Alinawa mikono, akaifuta kwa kitenge, akavaa ile miwani. Nikasema, "Mama, nikusomee?" Akaniambia nitulie. Akafungua mwenyewe, akaanza kupitisha kidole juu ya Kiingereza chote kile, mstari kwa mstari, polepole, bila haraka yoyote. Kidole kikasimama.

"Saba," akasema. "Huyu mimi."

"Ndiyo, mama."

Akafunua tena. "Na huyu mimi." Kurasa tatu mbele akanikuta natazama, akagonga karatasi kwa kidole. "Na hapa. Kumbe nimesema mengi." Hivyo akaendelea, akijitafuta na kujipata, mpaka kidole kikafika chini kabisa ya ukurasa, pembeni, kwenye saba iliyokuwa imemalizia namba ndogo.

"Na huyu."

"Hiyo ni namba ya ukurasa tu, mama."

"Niache," akasema, na kidole hakukitoa. "Hata hapo nipo."